Mikono Mikavu ya Mwishehe

Watu wa Temeke wakikuambia kwamba Mwishehe alikuwa na maringo, waulize walimjua tangu lini. Mimi nilipanga naye nyumba moja, chumba kwa chumba, miaka saba, na kazini tulitenganishwa na mlango mmoja wa kioo. Maringo hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mikono misafi kuliko ya mtu yeyote niliyepata kumwona, madaktari wakiwemo, na mikono hiyo ndiyo iliyomponza.

Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kusifiwa. Juzi tena wamekuja watu nyumbani kuniuliza habari za mashine za hesabu za zamani, eti mzee Revelian alikuwa fundi hodari, alishika vyombo vya umeme vya Wazungu asivunje kitu. Nikawajibu vizuri, nikawaonyesha cheti changu ukutani, wakanywa chai wakaondoka wameridhika. Walipotoka nikajiona mnafiki, na mnafiki mzee ni kitu cha kusikitisha.

Basi. Kampuni yetu ilikuwa ikipakia na kupakua shehena huko Kurasini. Jina lake naliacha. Wenyewe wameshakufa au wamerudi kwao. Mwaka hamsini na mbili ililetewa mashine ya kuhesabu, kubwa kama kabati mbili za nguo zilizosimamishwa pamoja. Sisi makarani tulitoboa matundu kwenye kadi, kila kadi robota moja la katani au gunia moja la kahawa, mashine ikameza kadi na kutoa jumla. Ilipewa chumba chake chenye mapazia mazito na feni. Meneja mwenyewe hakuwa na feni. Yeye alipepewa na dirisha.

Mwishehe alikuwa mfagizi. Mwenyeji wa Mtoni, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mpole, kofia yake ya kitambaa haitoki kichwani. Kazi yake ilikuwa kufagia chumba kile na kuipangusa mashine vumbi kwa nje tu. Lakini kila baada ya miezi mitatu alikuja fundi wa Kizungu kutoka Nairobi kuifungua, na huyo fundi akaona jambo ambalo sisi makarani tulikuwa hatujaliona: mfagizi hatoki jasho mikononi. Dar es Salaam, mwezi wa pili, mtu asiyetoka jasho mikononi ni wa kuonyeshwa sokoni. Akaanza kumpa ashike hiki, ashike kile, na kila alichoshika kilirudi kama kilivyokwenda. Kabla mwaka haujaisha fundi akawa anafungua tu, anayetoa na kurudisha vyombo vya ndani ni Mwishehe.

Fundi huyo alipiga taipu kanuni za kushika vyombo vya mashine, Meneja akatia sahihi, zikagongomelewa ukutani. Zilikuwa tisa, zote za Kiingereza. Mwishehe alijua kusoma, herufi za Kiarabu na za Kizungu, ila Kiingereza hakukijua. Akaja kwangu na karatasi tupu na penseli iliyochongwa vizuri, akaomba nimtafsirie.

Nami nikatafsiri. Usifungue mlango wa mashine kabla hujazima swichi na kuchomoa waya ukutani. Ukishachomoa, hesabu mpaka mia mbili, kwa kuwa ndani mna makopo yanayotunza umeme hata baada ya swichi kufa, na makopo hayo yameshaua watu. Vua pete, vua saa. Taa za kioo, zile zinazofanana na za redio, usizitoe zikiwa moto. Zishike kwenye kitako, usizishike kioo, wala usizilaze sakafuni. Ikikubidi kuigusa mashine ingali na umeme, mkono wa kushoto utie mfukoni, umeme usije ukapita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Mikono iwe mikavu, isiwe na mafuta. Na kadhalika na kadhalika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Bukoba na cheti cha darasa la kumi cha misheni, na hapa nimekalishwa na mfagizi nimwandikie mambo ya kunawa mikono. Nikaingiwa na utundu. Chini ya ile ya tisa nikaongeza ya kumi, ya kwangu mwenyewe: tangu alfajiri mpaka kazi iishe, usimpe mtu yeyote mkono. Nilidhani atacheka. Mwishehe aliisoma mara mbili, akaikunja karatasi, akaitia ndani ya kofia yake, akanishukuru.

Msomaji wa bara huenda asione ubaya. Kwetu mtu anaweza kumsalimu mwenzie akiwa ng'ambo ya shamba, wakaulizana habari za watoto na ng'ombe, kila mmoja na jembe lake. Lakini mtu wa pwani asiyetoa mkono ni mgonjwa au ni adui, na Mwishehe hakuwa mgonjwa. Kesho yake alfajiri msikitini, sala imekwisha, wanaume wanageukiana kupeana mikono, yeye akafunga ngumi akatoa kifundo.

Kutoa kifundo kila mtu anakujua. Umemkuta mwenzio anakula, au anafua, mkono wake umelowa. Anakunja vidole anakupa kifundo cha mkono ushike hapo. Maana yake, mkono wangu mchafu, niwie radhi. Ni adabu kabisa. Shida ni kwamba Mwishehe aliifanya adabu hiyo kila siku, alfajiri, kabla hata jua halijatoka, na watu wakaanza kujiuliza mkono wake unachafuliwa na nini saa hizo. Wiki ya pili jibu likapatikana: Mwishehe si wa mashine yoyote, ni topasi. Anamwaga ndoo za vyoo vya mjini, na mashine ni jina tu alilolitafuta kufichia aibu. Ikawa hivyo. Mikono misafi kuliko yote Temeke ikawa ndiyo inayoogopwa kwenye sinia la wali.

Aliyeumia zaidi ni mkewe, Mwanabaraka. Siku moja nilikuwa uani nakunywa chai, akaniwekea kitumbua na malalamiko yake pamoja.

"Mie nimeolewa na mwanamume, Bwana Karani, sikuolewa na sahani ya kioo," alisema. "Asubuhi nikimpa kikombe, anataka nikiweke chini nirudi nyuma. Kichwa changu nikipaka nazi, analala ukutani. Baiskeli tunayo, haipandi, eti mipini ina jasho la jana! Anakwenda Kurasini kwa miguu, mikono nyuma, utadhani kafungwa. Nyie huko ofisini mmempa nini?"

Nilikuwa na kitumbua mdomoni, nikapata kisingizio cha kutojibu.

Kisha baba yake Mwanabaraka akafariki, akazikwa Mtoni siku ya Jumanne asubuhi, na adhuhuri ya Jumanne hiyo fundi wa Nairobi alikuwa anatazamiwa ofisini. Mwishehe alichimba kaburi? Hakuchimba. Alibeba jeneza? Alitia bega, mikono kaikunja kifuani. Na watu walipopanga mstari kupeana mkono wa pole, mkwe wa marehemu, mfiwa mwenyewe, akawapa waombolezaji arobaini kifundo. Shemeji yake Nassibu, mchukuzi wa bandarini mwenye kifua kipana, akasimama mbele yake.

"Baba yangu kafa, wewe unanipa kifundo?"

"Nassibu ndugu yangu, leo kuna kazi."

"Kazi ya ndoo?"

Hakusema naye tena mwaka mzima. Mimi nilikuwa hapo, mtu wa kuja, Mkristo, nimetoa mkono wangu mzima kwa kila mtu na kila mtu ameupenda. Niliona haya. Lakini ilikuwa haya ya kiasi, ya kwenda nayo nyumbani na kulala nayo.

Na kazini? Kazini mikono yangu niliyoitoa kwa kila mtu ilikuwa ikifanya maajabu. Nilipanga kadi huku nakula vitumbua, kadi zikagandana mbili mbili, mashine ikameza jozi ikahesabu moja, au ikatema na kuhesabu upya. Kuna meli iliyoondoka kwa hesabu zetu ikiwa imebeba katani nyingi kuliko iliyopata kuvunwa Morogoro. Meneja alilaumu unyevu wa bahari. Meneja huyo sisi tulimwita Bwana Korosho, maana mfuko wa kulia wa koti lake haukukosa korosho za kukaanga zenye chumvi, na mkono wake wa kulia haukukosa kuwa mfukoni.

Mwaka hamsini na sita likaja sanduku jipya. Mashine yetu ilikuwa inajua kujumlisha na kutoa. Sasa ilikuwa inaletewa kiungo cha kuzidisha. Kiungo chenyewe kilikuwa ni fremu za chuma zenye taa ndogo za kioo mia nne, kila moja na miguu yake myembamba ya kuchomeka, ukipinda mmoja umeiharibu. Fundi wa Nairobi akatamka mbele ya Meneja na mbele yetu makarani wote: taa hizi zitachomekwa na Mwishehe, peke yake, nami nitatazama tu. Akimaliza bila kuvunja, mashine iwe mikononi mwake, mimi niache kupanda ndege kila miezi mitatu. Meneja akakubali kwa kichwa, mdomo umejaa.

Sijapata kumwona mtu akitaka kitu namna ile. Fundi alimwachia taa mbovu thelathini za kujifunzia. Mwishehe akatoboa matundu kwenye ubao, akawa anakaa uani jioni, kabla ya magharibi, anachomeka na kuchomoa, anachomeka na kuchomoa, bila kukigusa kioo hata kwa ukucha. Mwanabaraka, pamoja na hasira zake zote, alimhesabia mpaka mia mbili huku akichambua mchele. Alihesabu polepole, kwa sauti, na akipotea alianza upya. Hapo nikajua anampenda.

"Watakupa koti jeupe, Mzee," nilimwambia. "Watakupa na kiti."

"Koti sitaki," alijibu. "Kiti nitakikalia lini? Nataka niziweke mwenyewe, zote, kisha niwashe, niione inazidisha. Basi."

Siku mbili kabla ya kazi, Meneja aliniita anipe ujumbe wa kutafsiri. Siku hizo kulikuwa na maneno mengi ya ushirikiano wa mataifa, Mzungu, Mhindi na Mwafrika wakae kwa ustaarabu, na wakubwa wa kampuni huko London walitaka kuonekana wamo. Kwa hiyo wataalikwa wageni wa serikali, ataalikwa mpiga picha wa gazeti, na saa nne kamili, kabla Mwishehe hajaanza kazi, Meneja atampa mkono mbele ya mashine. Tangu niingie kampuni ile sikuwahi kuona Mzungu akimpa Mwafrika mkono. Siku waliyoichagua kuanza ndiyo hiyo.

Nilitoka mle ofisini nikiifikiria kanuni yangu ya kumi. Jioni nikamfuata Mwishehe uani.

"Shikamoo Mzee. Ile kanuni ya kumi."

"Marahaba. Ya mkono?"

"Haipo. Niliitunga mimi. Nilikuwa nakutania."

Hakuinua uso kutoka kwenye ubao wake. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Ukutani ziko tisa. Kiingereza sikijui, Bwana Karani, lakini kuhesabu mpaka kumi najua. Nilizihesabu siku ile ile."

"Sasa kwa nini miaka minne unawanyima watu mkono? Mpaka msibani?"

"Siku za kwanza nilitaka nione utanicheka mpaka lini. Nikaifuata wiki moja. Wiki hiyo kadi nilizowaokotea mie sakafuni hazikugandana hata moja. Nikasema, huyu kijana kapatia bila kutaka." Akachomoa taa moja, akaitazama miguu yake. "Hizo tisa kaziandika mtu wa Ulaya. Kwao huko wanasalimiana kwa kofia. Hajui kwamba sie mtu akifika kazini kashashika watu thelathini, na kila mmoja kapaka nazi. Hiyo ya kumi ndiyo kanuni ya kwetu. Nilitaka nikushukuru, nikaona utavimba kichwa."

"Basi keshokutwa mpe Meneja mkono. Utanawa."

"Korosho zile? Zile hazitoki kwa maji moja, wala kwa sabuni ya mche. Nikanawe, nikauke, taa mia nne zinaningoja na fundi kanikodolea macho? Nitampa kifundo."

"Wazungu hawakijui kifundo, Mzee."

"Kakaa pwani miaka kumi na miwili," alisema Mwishehe. "Atakosaje kukijua?"

Siku ikafika. Wageni walikuwa kumi hivi, maofisa wawili wakubwa wamevaa kaptura zilizopigwa pasi zikasimama zenyewe. Mwishehe alisimama kando ya mashine, kanzu nyeupe, kofia, mikono ameiinua kidogo mbele ya kifua ikauke kwa feni. Bwana Korosho akaingia kavaa suti. Akatoa mkono wake wa kulia kutoka mfukoni, nami niliyekuwa karibu niliona chumvi ikimetameta kwenye vidole. Akaunyoosha. Mwishehe akainama kwa heshima, akafunga ngumi, akatoa kifundo.

Meneja alikitazama kifundo kile. Naapa alikitazama muda wa kutosha mtu kusoma barua fupi. Lakini mpiga picha alikuwa ameshainama, wageni wamenyamaza, na mkono wake mwenyewe umeshafika njiani. Basi akakidaka kifundo kwa nguvu zake zote, akageukia kamera, akatabasamu meno nje.

Kazi yenyewe haikuanza. Wageni walitaka chai, baada ya chai wakataka kuona gati, na fundi akaambiwa taa zitawekwa kesho asubuhi kukiwa na utulivu. Mwishehe akakaa mchana kutwa juu ya kasha la taa, mikono magotini, viganja juu. Hakula. Alikuwa na furaha tele, mimi nilimwona.

Kesho yake asubuhi gazeti likawa limetoka.

Nimelitunza mpaka leo. Mzungu mnene, suti, kicheko cha ushindi, amemkamata kifundo Mwafrika mwembamba mwenye kanzu. Mwafrika ameinamisha kichwa. Ngumi yake imefungwa kama mtu anayeficha alichokiiba. Nyuma yao maofisa wawili wenye kaptura wamesimama wima, mmoja kila upande, wanahakikisha hakimbii. Chini yake yaliandikwa maneno mazuri ya Kiingereza kuhusu urafiki. Hakuna aliyeyasoma.

Saa mbili asubuhi Temeke nzima inajua: Mwishehe kakamatwa. Hata Mwanabaraka alipoapa kwamba mumewe kalala nyumbani, hakuna aliyemsikiliza. Saa tatu Nassibu yupo kwa dada yake, kaacha kazi bandarini, kaja na watu wanane wa ukoo. Mwaka mzima hakuvuka kizingiti kile. Sasa aliketi kwenye mkeka akalia machozi, akaapa kwamba hata kama shemeji yake kaiba, watamtafutia wakili. Wale wale waliomwita topasi wakaleta unga na nazi. Nadhani hawakuwahi kumpenda kama walivyompenda asubuhi ile waliyodhani ni mwizi.

Kampuni nayo ilikuwa motoni. Wachukuzi walisimamisha kazi kwenye magati yote mawili kuuliza mwenzao kashitakiwa kwa kosa gani. Gazeti la Kiswahili likaichapa picha ile bila maneno yoyote chini, na ikatosha. Msomaji mmoja wa Tanga akaandika kuuliza kama ushirikiano wenyewe ndio huo, wa mmoja kumshika mwingine. Baada ya siku chache simu ya maandishi ikaja kutoka London: mtu huyo aliyekamatwa ni nani, na ameachiwa?

Muda wote huo sanduku la taa lilikuwa limefungwa kwa amri. Kisha Meneja akaniita nitafsiri, Mwishehe akiwa amesimama mbele ya meza. Uso wa Meneja ulikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mwambie amepanda cheo," alisema.

Cheo kiliitwa Mkuu wa Mapokezi ya Mashine. Kilikuja na koti jeupe na kiti kando ya mlango wa kioo. Kila mgeni atakayekuja kuitazama mashine, na kuanzia sasa watakuja wengi, Mwishehe atampokea na kumpa mkono. Mkono mzima. Meneja aliinuka akamwonyesha, akakishika kiganja chake akakitikisa mara tatu, na korosho zake zote. Mpiga picha aliitwa tena siku hiyo hiyo, na picha ya safari hii ilikuwa nzuri sana.

"Na taa?" Mwishehe aliuliza.

Nikatafsiri. Meneja akasema Mkuu hafanyi kazi za mikono, haitapendeza. Taa zitawekwa na karani huyu hapa, Revelian, ambaye atapelekwa Nairobi miezi minne kusomea.

Ningeweza kukataa. Nimekaa miaka mingi nikijitafutia sababu iliyonizuia, na ukweli ni kwamba hakukuwa na sababu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, Nairobi sijaiona, na nilitaka kwenda. Fundi yule Mzungu aligomba na Meneja mpaka sauti ikasikika barazani, kisha akapanda ndege yake. Mimi sikugomba na mtu.

"Mwambie nashukuru," alisema Mwishehe. "Kisha muulize kama naweza kurudi kufagia. Mfagizi anaruhusiwa kuipangusa."

Nikamuuliza. Meneja akacheka kwa upole, akasema mtu aliyetoka gazetini hawezi kuonekana na ufagio, picha imeshafika London.

Nilirudi kutoka Nairobi na cheti, na mikono ile ile. Siku ya kuweka taa jasho lilinitoka mpaka kwenye nyusi. Mwishehe alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, koti jeupe, hakuna mgeni siku ile. Nilipofungua mlango wa mashine nikasikia sauti yake nyuma yangu, ya chini, haina haraka.

"Hujahesabu."

Nikarudi nyuma, nikahesabu mia mbili.

"Pete."

Nikavua pete.

"Hiyo umeishika kioo. Irudishe. Futa vidole. Haya, kitako. Usisukume, iache ijue njia yake."

Nikaweka taa mia nne hivyo, siku tatu, macho yake na vidole vyangu. Zilivunjika mbili tu. Tulipowasha, mashine ikazidisha, nami nikaandikiwa barua ya sifa iliyotaja mikono yangu ya uangalifu. Ndiyo hiyo iliyo ukutani. Nilipogeuka nimwonyeshe jumla ya kwanza iliyotoka, Mwishehe alikuwa amesimama nje anawapokea watawa kumi na wawili wa misheni, mmoja mmoja, mkono mzima.

Temeke wakafurahi. Mwishehe sasa alitoa mkono msikitini, alitoa mkono msibani, alitoa mkono sokoni. Kaacha maringo, walisema wengine. Kaacha ndoo, walisema waliobaki. Nassibu alikuja kula naye kila Ijumaa kwenye sinia moja. Mwanabaraka alipaka nazi yake na kumpaka na yeye kichwani, na baiskeli ikatoka ndani. Nyumba nzima ilikuwa na furaha, ila mtu mmoja, na huyo alikuwa mwungwana, hakutaka kuwaharibia.

Ilikuwa kama mwaka wa pili wa cheo chake. Wageni wa asubuhi walikuwa wametoka, machifu na makarani wao, kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nimezima, nimechomoa, nimehesabu, nimevua pete, nimetoa fremu moja yenye taa iliyokufa, na taa mpya iko kwenye pamba yake. Hakuna mtu mwingine ofisini. Mwishehe akainuka kitini, akaja mpaka kwenye mlango wa mashine. Tangu wampe koti hakuwahi kuvuka pale.

"Niweke hiyo moja," alisema. "Moja tu."

Mashine ilikuwa chini yangu. Hakuna ambaye angejua. Mtu yule ningempa chochote alichoniomba, na nilikuwa nikimdai Mungu nafasi ya namna ile tangu siku ya msiba wa mkwewe. Akanyoosha mkono, kiganja juu, nami nikautazama. Ulikuwa unang'aa. Kila chifu alikuwa ameacha kitu chake pale, nazi, samli, jasho la safari. Nikasikia mdomo wangu unasema kabla sijauruhusu.

"Mzee, mikono yako ina mafuta."

Aliigeuza akaitazama huku, akaigeuza akaitazama na huku.

"Kweli," alisema. "Hapo sasa umekuwa fundi."

Hakulisema kwa uchungu, na mimi hadi leo ningependa angelisema kwa uchungu. Nje gari lilipiga honi, wageni wengine wamefika. Akajifuta viganja kwenye koti lake jeupe, akaenda kuwapokea.

Nikaichukua ile taa, nikaishika kwenye kitako, nikaiweka, na haikuvunjika.